Daktari Werner Forssmann na Njia ya Kuufikia Moyo

Mtu aendaye kuwaangalia wagonjwa katika hospitali kubwa za siku hizi huenda akamwona mgonjwa aliyetiwa mpira mwembamba shingoni, au chini ya mtulinga, na mahali pale pamefunikwa kwa bandeji safi. Wengine wauonapo huogopa, wakidhani kwamba mgonjwa huyo hana tumaini tena. Sivyo. Mpira ule umepita ndani ya mshipa mkubwa wa damu, na ncha yake imefika karibu na mlango wa moyo. Kwa njia hiyo hupewa dawa kali ambazo zingeiunguza mishipa midogo ya mkono. Asiyeweza kula hulishwa. Na yule ambaye figo zake zimeshindwa na kazi husafishwa damu yake. Madaktari huuita mpira huo katheta.

Walakini mpira huo ni kama mlango uliofunguliwa. Dawa hupita humo, bali vijidudu vya maradhi navyo vyaweza kupita humo vikaingia katika damu. Kwa hiyo ustadi wa daktari autiaye hautoshi. Yatakiwa awepo mwuguzi aliyefundishwa kuulinda mchana na usiku. Hapa twataka kusimulia maisha ya daktari aliyejitia mpira wa namna hiyo hata ukafika moyoni mwake mwenyewe, akapigwa picha ili watu waamini. Nasi tutaona ya kuwa wauguzi walikuwamo katika habari hii tangu siku ya kwanza.

1. Utoto wake na masomo yake

Werner Forssmann alizaliwa katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani, tarehe 29 Agosti 1904. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, jina lake Julius, alikuwa mwanasheria. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914 baba huyo akaenda vitani, na mwaka 1916 akauawa. Basi Werner akalelewa na mama yake na bibi yake, katika miaka ya njaa na taabu iliyowapata Wajerumani wakati wa vita na baada yake.

Alipomaliza shule akaingia Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1922 ili ajifunze udaktari. Katika masomo yake aliona picha moja ambayo haikumtoka moyoni. Ilionyesha kazi ya wataalamu wawili Wafaransa, Chauveau na Marey, ambao mwaka 1861 walimtia farasi mrija katika mshipa wa shingo, wakausukuma mpaka ukafika moyoni, nao wakapima nguvu ya mapigo yake. Farasi hakufa. Werner akawaza, Ikiwa farasi aliweza kuvumilia jambo hili, mbona mwanadamu asiweze?

Wazo hilo lilikuwa na sababu. Siku zile moyo wa mgonjwa ulipokuwa karibu kusimama, daktari alichukua sindano ndefu akaichoma kifuani mpaka moyoni ili kutia dawa. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari sana, maana sindano iliweza kutoboa pafu au kukata mshipa unaoulisha moyo wenyewe, hata dawa ya kuponya ikawa sababu ya kufa. Forssmann alitafuta njia nyingine ya kufika mahali pale, njia ambayo Mungu mwenyewe ameiweka katika mwili. Maana mishipa yote irudishayo damu huelekea moyoni kama vile vijito huelekea mto. Mpira mwembamba ukitiwa katika mshipa wa mkono na kusukumwa polepole, utafuata mkondo wa damu mpaka mwisho wake.

2. Yaliyotokea Eberswalde

Mwaka 1929 Forssmann alipata kazi katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, upande wa kaskazini-mashariki ya Berlin. Mkubwa wake alikuwa Daktari Richard Schneider, aliyejuana na jamaa yake. Forssmann akamweleza wazo lake, akaomba ruhusa. Schneider akakataa. Akamkataza kumjaribia mgonjwa, na aliposema ya kuwa atajijaribia mwenyewe, akamkataza hilo pia. Hatuwezi kumlaumu mkubwa huyo, kwa kuwa siku zile madaktari wote waliamini ya kwamba moyo ukiguswa na kitu chochote kigeni utasimama mara moja.

Forssmann hakutii. Lakini alikuwa na kizuio kimoja. Vyombo vilivyosafishwa na kuchemshwa kwa ajili ya upasuaji vilifungiwa, na ufunguo ulikuwa kwa mwuguzi wa chumba cha upasuaji, jina lake Gerda Ditzen. Pasipo yeye daktari hakuweza kupata kisu, wala dawa ya ganzi, wala mpira. Kwa hiyo Forssmann alianza kuzungumza naye mara kwa mara, akampa vitabu, akamweleza wazo lake, hata mwuguzi yule akavutwa na jambo lile. Mwisho akakubali kutoa vyombo, tena akajitoa yeye mwenyewe awe wa kwanza kujaribiwa.

Basi siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, hospitali ilipokuwa kimya, wawili hao wakaingia chumba cha upasuaji. Forssmann akamlaza Gerda Ditzen juu ya meza, akamfunga mikono na miguu, kana kwamba anataka kuanza. Akampaka dawa mkononi. Kisha akageuka upande, akajitia ganzi mwenyewe, akajikata katika mkono wake wa kushoto mahali pa kukunja kiwiko, akaufungua mshipa. Akachukua mpira wa kutolea mkojo, wenye urefu wa sentimeta 65, akausukuma ndani kiasi cha sentimeta 30. Ndipo akamfungua yule mwuguzi, naye akatambua ya kuwa amedanganywa.

Kazi ilikuwa haijaisha, maana bila picha hakuna mtu ambaye angeamini. Forssmann akashuka ngazi kwa miguu yake, mpira ukining'inia mkononi, mpaka chumba cha eksirei. Huko mwuguzi mmoja akashika kioo mbele yake ili aweze kuona katika kiwambo mahali ulipofika mpira. Daktari mwenzake, Peter Romeis, akaja mbio, akajaribu kuung'oa ule mpira kwa kuogopa kwamba rafiki yake atakufa. Forssmann akamzuia, akaendelea kusukuma mpaka ncha ikaingia katika chumba cha kulia cha moyo. Picha ikapigwa. Forssmann hakufa, moyo wake ukaendelea kupiga kama kawaida. Alikuwa kijana bado.

Wasomaji, hapa tusimame kidogo. Ushujaa wa kijana huyu hauna shaka. Hakutaka kuitia hatarini roho ya mtu mwingine, bali aliuweka mwili wake mwenyewe. Lakini aliipata njia yake kwa hila. Alimwasi mkubwa wake, akamdanganya mwanamke aliyemwamini. Mwuguzi yule aliwekwa kulinda ufunguo ili wagonjwa wawe salama, na ulinzi wake ukavunjwa kwa maneno matamu. Mungu aweza kutoa mema hata katika matendo yaliyochanganyika, walakini hatupaswi kuiita hila kuwa ni hekima. Tutaona mbele kwamba madaktari wenyewe baada ya miaka mingi walijifunza kumrudishia mwuguzi ufunguo wake.

3. Kukataliwa kwake

Daktari Schneider alimkemea sana. Lakini alipoitazama picha alitambua ya kuwa jambo kubwa limetendeka, akampa ruhusa kuitumia njia ile kwa mgonjwa mmoja mwanamke aliyekuwa karibu kufa kwa sababu ya usaha ulioenea tumboni. Dawa ikapitishwa kwa mpira mpaka moyoni. Mgonjwa akapata nafuu kwa muda, kisha akafariki kwa ugonjwa wake, maana ulikuwa umemshinda tangu mwanzo.

Mwezi wa Novemba 1929 Forssmann akatangaza habari hizi katika gazeti la madaktari. Alitumaini kusifiwa, akapata dharau. Wakati huo amekwisha kuhamia hospitali mashuhuri ya Charité huko Berlin, chini ya bingwa wa upasuaji, Ferdinand Sauerbruch. Magazeti ya mjini yakaandika juu yake kama juu ya mchezo wa ajabu, wengine wakasema si wa kwanza. Akafukuzwa. Akarudi Eberswalde. Huko akaendelea na majaribio, kwa mbwa na kwa mwili wake mwenyewe, akitia moyoni dawa ionekanayo katika picha ya eksirei ili vyumba vya moyo vipate kuonekana. Lakini hakupata mtu wa kumsaidia wala mahali pa kufanyia kazi kwa amani.

Mwisho akaiacha kazi ya moyo. Akaenda Mainz, na huko akakutana na daktari mwanamke, Elsbet Engel, akamwoa mwaka 1933. Wakajaliwa kupata watoto sita. Forssmann akageukia maradhi ya figo na njia ya mkojo, akafanya kazi katika hospitali za Berlin na Dresden, kama daktari mmoja miongoni mwa wengi. Ile picha ya mwaka 1929 ikasahauliwa Ujerumani.

4. Miaka ya giza

Katika maisha ya mtu huyu lipo jambo ambalo mwandishi mwaminifu hana budi kulitaja. Mwaka 1932, kabla Hitler hajashika serikali, Forssmann aliingia katika chama chake. Wengi waliingia, wasomi na wasio wasomi, hata watu wa Kanisa, wakidhani ya kuwa chama hicho kitaiinua nchi yao. Badala yake kikaleta vita, na mauaji ya Wayahudi mamilioni, na aibu ambayo Wajerumani wameiungama mbele ya mataifa. Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kujikata mkono wake mwenyewe hakuwa na ujasiri wa kukataa mambo yale tangu mwanzo. Hili na lituonye, kwa kuwa ushujaa wa mwili na ushujaa wa dhamiri si kitu kimoja.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 akawa daktari wa askari. Mwaka 1945 akashikwa na Wamarekani akawa mateka. Alipofunguliwa akarudi kwa mke wake na watoto wake katika milima ya misitu upande wa kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa sababu ya chama chake alikatazwa kufanya kazi ya udaktari kwa miaka kadhaa, na mke wake ndiye aliyewatibu watu wa vijiji vile na kuilisha jamaa. Mwaka 1950 alipata tena kazi ya udaktari wa njia ya mkojo katika mji wa Bad Kreuznach, katika hospitali ya mashemasi ya Kanisa la Kiinjili. Huko alikuwa daktari asiyejulikana sana.

5. Njia yake yafuatwa na wengine

Lakini picha ile haikupotea. Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, walikuwako madaktari wawili, André Cournand, mzaliwa wa Ufaransa, na Dickinson Richards. Walitaka kujua damu hupitaje katika moyo na mapafu, nao walikuwa wameisoma habari ya Forssmann. Wakajaribu kwanza kwa wanyama, kisha, tangu mwaka 1941, wakatangaza kazi yao kwa wanadamu katika hospitali ya Bellevue. Waliutia mpira kwa utaratibu, wakapima nguvu ya damu katika kila chumba cha moyo, na kwa vipimo hivyo maradhi mengi ya moyo yakajulikana yalivyo. Yale yaliyofanywa na mtu mmoja kwa siri yakafanywa sasa na jamii ya watu hadharani, hatua kwa hatua.

Mwaka 1956 watatu hao, Cournand, Richards na Forssmann, wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya udaktari. Daktari wa Bad Kreuznach akasimama Stockholm mbele ya mfalme wa Sweden, miaka 27 baada ya siku ile ya Eberswalde. Mwaka 1958 akawa mkuu wa upasuaji katika Hospitali ya Kiinjili ya Düsseldorf, akafanya kazi huko mpaka uzee wake. Kazi kubwa ya uchunguzi wa moyo hakuirudia tena, maana elimu ilikuwa imekwenda mbele kumpita. Akafariki tarehe 1 Juni 1979 katika mji wa Schopfheim, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 74.

6. Mlango na mlinzi wake

Sasa tuione njia hiyo ilivyoenea. Mwaka 1952 daktari Mfaransa, Robert Aubaniac, alionyesha jinsi ya kuuchoma mshipa mkubwa ulio chini ya mtulinga. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Stockholm akavumbua ufundi wa kutanguliza waya mwembamba kwa sindano, kisha kuupitisha mpira juu ya waya huo, hata isiwe lazima kuukata mwili. Miaka ya 1960 daktari Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia wakaweza kumlisha mtoto mchanga asiyeweza kula, kwa chakula kilichopitishwa katika mshipa mkubwa tu, naye akakua. Siku hizi mpira wa namna hii ni jambo la kila siku katika vyumba vya wagonjwa mahututi, na kwa wagonjwa wa saratani, na kwa wale wanaosafishwa damu.

Lakini kadiri mipira ilivyozidi, ndivyo madhara yalivyozidi. Wagonjwa walioponywa ugonjwa wao wa kwanza waliuawa na vijidudu vilivyoingia kwa njia ya mpira. Kwa muda mrefu madaktari walidhani ya kuwa hasara hiyo haiepukiki. Ndipo daktari Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, alipoandika mambo matano mepesi: kunawa mikono, kuvaa kofia, barakoa, vazi na glavu safi na kumfunika mgonjwa mwili wote kwa kitambaa kisicho na vijidudu wakati wa kuutia mpira, kuisafisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini, kutotumia mshipa wa kinena ikiwezekana, na kuutoa mpira mara usipohitajiwa tena. Hakuna hata moja lililokuwa geni. Jambo geni lilikuwa hili, kwamba mwuguzi alipewa orodha mkononi, na mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hata jambo moja.

Katika jimbo la Michigan vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100 vilifuata mpango huo, na habari zake zikatangazwa mwaka 2006. Kabla ya kuanza, hesabu ya katikati ya vyumba hivyo ilikuwa wagonjwa 2.7 wenye vijidudu katika damu kwa kila siku 1,000 za mipira kukaa mwilini. Baada ya miezi mitatu hesabu hiyo ya katikati ikawa sifuri. Haikuletwa dawa mpya wala mashine mpya. Ilikuwa ni kutenda kwa uaminifu yale yaliyojulikana, na kumsikiliza mwuguzi. Hivyo ule ufunguo ambao Gerda Ditzen alinyang'anywa kwa hila ukarudishwa mikononi mwa wenzake.

Walakini mamlaka pasipo mafundisho hayafai kitu. Mwuguzi wa kazi hii hufundishwa kwanza juu ya sanamu ya mwili, kisha hufanya mbele ya mwuguzi mzoefu, tena na tena, mpaka mikono yake imezoea mwenendo ulio sawa. Hujifunza kwamba mpira mpya ulioingizwa kwa daktari chumbani hautumiwi mpaka imehakikishwa, mara nyingi kwa picha ya eksirei, kwamba ncha yake iko mahali pake. Hujifunza kunawa mikono kila mara kabla ya kuugusa. Hujifunza kusugua mdomo wa mpira kwa spiriti au dawa nyingine kwa nguvu, na kungoja ukauke, kabla ya kutia kitu chochote. Huvuta kwanza kuona kama damu yarudi, ndipo apitishe maji safi ya chumvi. Mpira ukikataa, halazimishi kwa nguvu, wala hatumii bomba dogo la sindano, kwa kuwa bomba dogo husukuma kwa nguvu nyingi zaidi na laweza kuupasua mpira.

Tena huangalia ngozi kila siku, kama imekuwa nyekundu, au ina maumivu, au yatoa usaha. Na mgonjwa akipata homa au kutetemeka kwa baridi, humwita daktari upesi. Bandeji ya namna ya utando mwangavu huibadili kila baada ya siku saba, na ya kitambaa cha shashi kila baada ya siku mbili. Bali ikilowa, au ikichafuka, au ikibanduka, huibadili papo hapo. Hukumbuka ya kuwa mshipa mkubwa waweza kufyonza hewa, na hewa ikifika moyoni yaweza kuua. Kwa hiyo hufunga kibanio kabla ya kufungua mdomo wa mpira, na siku ya kuutoa humlaza mgonjwa chali, akapakandamiza na kupafunika pasipite hewa. Huandika tarehe na kila alilolitenda. Na kila asubuhi huuliza neno moja: Je, mgonjwa huyu angali anauhitaji mpira huu? Maana mpira uliotolewa hauwezi tena kuleta vijidudu.

Kazi hizi hazina tuzo. Hakuna mfalme amwitaye mwuguzi kwa sababu alinawa mikono saa nane ya usiku, wakati hakuna amwonaye. Lakini Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika mambo madogo ndiye atakayeaminiwa makubwa. Forssmann aliifungua njia kwa saa moja ya ujasiri. Njia hiyo huwa ya uzima au ya mauti kwa saa nyingi za uaminifu wa watu ambao majina yao hayaandikwi.

7. Yatupasayo sisi

Yako basi mambo ambayo wakristo wa sharikani waweza kuyashika, hasa waalimu wetu waendao kuwaombea wagonjwa. Kwanza, tukimkuta mgonjwa aliyetiwa mpira shingoni au kifuani, tunawe mikono kabla ya kumkaribia, wala tusiuguse mpira wala bandeji yake, hata kwa kumpapasa kwa upendo. Pili, tusiseme maneno ya kumtisha, wala tusikubali jamaa zake wauvute mpira huo ati ndio unaomwua. Bali tumwite mwuguzi aeleze. Tatu, tukiona bandeji imelowa au imebanduka, au mgonjwa anatetemeka, tumwarifu mwuguzi kwa heshima, wala tusinyamaze kwa haya. Nne, mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na mpira wake, kama wafanyavyo wengine wanaosafishwa damu, asaidiwe kuushika mwiko aliopewa: asiulowe wakati wa kuoga, asiuvute, asikose siku zake.

Tena wako vijana wetu, wanaume kwa wanawake, wanaosoma katika vyuo vya uuguzi. Wazazi wengine huona haya kwamba mtoto wao hakuwa daktari, bali mwuguzi tu. Na wawaambie watoto wao habari hii. Wawafundishe kwamba yeye ashikaye ufunguo asiutoe kwa ajili ya maneno matamu wala kwa kuogopa mkubwa; kwamba aonapo hatua imerukwa, aseme kwa upole na kwa uthabiti, kwa kuwa roho ya mgonjwa iko mkononi mwake. Na madaktari wetu nao wajifunze kushukuru waonywapo.

Werner Forssmann alikuwa mtu shujaa, tena mwenye makosa, na Mungu akaitumia kazi yake kwa faida ya watu wengi asiowajua. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya njia ile iliyofunguliwa. Na tuwaombee wote wanaoilinda leo, katika vyumba vya wagonjwa, usiku wakati wengine wamelala, ili mikono yao iwe safi na macho yao yasisinzie.